Mlango wa Kumi na Nne

Mlango wa nyuma wa jiko la Shule ya Caney Bend ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa kopo la pichi. Kopo lenyewe lilikuwa la kilo tatu, limebonyea ubavuni, na wanawake wa jikoni walijua kulisukuma mahali pake kwa ncha ya kiatu bila kuinama. Ilikuwa Jumatano ya Septemba, saa moja kasoro dakika nane asubuhi, na joto la Texas lilikuwa limeshaingia ndani ya nguo za watu.

"Afande anakuja," alisema Bi Ozella Batiste, huku akigeuza soseji kwenye sinia. "Namsikia toka kona ya mapipa. Mtu wa kuvizia wahalifu, anatembea akiliza funguo kama mbuzi mwenye kengele."

Delphine Croom alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye unga. Afande huyo alikuwa mumewe.

Wendell Croom alitokeza kona akiwa na fomu ya milango kwenye ubao mkononi. Kila asubuhi alitakiwa kuizunguka shule yote, avute kila mlango wa nje, aandike "umefungwa", kisha atie saini. Milango ilikuwa kumi na sita. Alikuwa ameshavuta kumi na mitatu. Wa kumi na nne ulikuwa huu, na huu haukuhitaji kuvutwa. Uliachama wazi mbele yake, ukitoa mvuke na harufu ya mkate.

"Nimewaambia mara ngapi kuhusu hilo kopo?"

"Na sisi tumewaambia mara ngapi kuhusu hiyo feni?" Delphine alielekeza kidole chenye unga juu ya majiko. Feni ya kuvutia moshi ilikufa mwezi wa nne. Karatasi ya maombi ya fundi bado ilikuwa imebandikwa chini yake, imekuwa rangi ya chai kwa mafuta.

"Ukitaka kutuoka humu ndani," alisema Bi Ozella, "tupake siagi kwanza, mwanangu. Angalau tutoke na rangi nzuri."

"Liondoeni kabla mabasi hayajafika. Nawaomba."

"Tutaliondoa."

Wote watatu walijua haliondoki. Kufikia saa mbili majiko yote sita yangekuwa yamewaka, na mwezi wa tano mwenzao mmoja alianguka sakafuni kwa joto na kupasuka kidevu. Bi Ozella alimkabidhi mkate mdogo wa moto wenye soseji ndani, umefungwa kwa karatasi. Croom aliupokea. Akageuka, na alipofika kwenye mapipa, akaandika kwa kalamu yake ya bluu: mlango wa kumi na nne, umefungwa, 6:52. Alikuwa akiandika hivyo tangu mwezi wa nne.

*

Kuanzia saa moja na nusu alisimama mlango mkuu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, watu wasidhani ni bastola. Kazi ni kusimama na kutazama. Alitazama mabegi yanavyoning'inia, kama kuna lililo zito isivyo kawaida. Alitazama nani amevaa koti kwenye joto. Alitazama mikono. Na kwa kuwa mtoto hawezi kutazamwa hivyo kila siku bila kujua anatazamwa, alifunika macho yake kwa utani.

"Afande, tumbo lako limefika kabla yako."

"Limetangulia kuwasalimia. Tembea, Treyvon, na hizo kamba za viatu ufunge."

"Afande, jana tumewafunga Lufton mabao matatu."

"Nimesikia. Nimesikia pia matokeo yako ya hesabu. Mabao mangapi pale?"

Wakacheka, wakapita. Aliyebaki nyuma alikuwa msichana wa darasa la sita, Marisol, mdogo kuliko begi lake. Juma lililopita walifanya zoezi la kujifungia: taa zimezimwa, watoto wameketi sakafuni kando ya ukuta, kimya, kila mmoja akiusikiliza mlango. Tangu siku hiyo alikuwa na swali, na leo alilitoa.

"Akija mtu mwenye bunduki, wewe utaingia?"

"Nitaingia."

"Hutamsubiri mwingine?"

"Sitamsubiri mtu."

Marisol alimkagua usoni, namna mtoto anavyomkagua mtu mzima aliyeahidi kitu, kisha akaenda darasani. Croom akaugeukia mlango, akaendelea kutazama mikono.

*

Saa nne na dakika kumi, mwanamume mmoja aliegesha gari jeupe mtaa wa nyuma. Alivaa kofia ya michezo na fulana ya kijivu. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao jimbo huwatuma bila taarifa, waingie shuleni kama angeingia muuaji, halafu waandike walifika wapi. Alivuta milango kumi na mitatu. Yote ilimkatalia. Wa kumi na nne ulikuwa na kopo.

Bi Ozella alimwona akiwa ameshasimama katikati ya jiko.

"Umekuja kwa ajili ya feni?"

"Nimekuja kuangalia kidogo," alisema yule mtu.

"Asante Mungu. Umekula?"

Hakujibu upesi, na kwa Bi Ozella hilo lilikuwa jibu tosha. Akampa mkate wenye soseji, akampa na karatasi ya kufutia mikono, akamwonyesha feni. Yule mtu akaitazama feni kwa adabu. Kisha akapita mlango wa bwalo, akashika korido, akafungua darasa la kwanza upande wa kushoto. Humo walikuwamo watoto ishirini na watatu wanasoma sayansi. Alisimama pale sekunde saba, akatazama saa yake, akafunga mlango.

Marisol alikuwa kiti cha mbele. Alikuwa ameshaingia chini ya meza.

Wakati huo Croom alikuwa mlango mkuu, uso kwa barabara, mgongo kwa shule. Alichosikia ni sauti ya mwalimu mkuu kwenye redio, tulivu mno: "Ofisa Croom, njoo ofisini kwangu. Sasa."

*

Mkaguzi alikuwa ameshaondoka. Juu ya meza ya mwalimu mkuu Hargis kulikuwa na karatasi mbili, na kando yake nusu ya mkate wenye soseji kwenye karatasi yake.

"Dakika nne na sekunde kumi," alisema Hargis. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye tai hata siku za jasho, na alipokasirika alizungumza polepole. "Toka mtaani mpaka kwa watoto. Na njiani akapewa kifungua kinywa. Wameliandika hilo, Wendell. Wameandika neno soseji. Mkurugenzi wa wilaya amenisomea kwenye simu mara mbili."

Croom alibaki amesimama. Hakuambiwa aketi.

"Hii ni saini yako?"

Ilikuwa fomu ya asubuhi. Wino wa bluu, 6:52.

"Ni yangu."

"Vizuri." Hargis aliigeuza ile fomu na kuisawazisha ukingoni mwa meza. "Basi saa moja kasoro dakika nane mlango ulikuwa umefungwa. Polisi wa shule ameuvuta, ameandika, ametia saini. Sivyo? Kwa hiyo aliyeufungua, aliufungua baadaye."

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana kama mlango wenyewe, na Wendell Croom aliiona. Ilitosha kusema: sikuuvuta, nimeuona wazi, nimeuona wazi miezi mitano. Alifungua kinywa.

"Kabla hujasema," Hargis akamwahi, "fomu yako ni safi. Ikichafuka, mtu atauliza na za jana, na za juzi. Mkuu wako wa polisi atataka kujua mtu wake anafanya nini hapa. Na wazazi watanikalia humu ndani wakiniuliza nani anawalinda. Mimi nitawajibu nini? Nataka jina moja la jikoni, kwa maandishi, kabla ya saa tisa. Mkurugenzi anataka mtu aondoke leo, siyo onyo. Aondoke."

"Jikoni yuko mke wangu."

"Jikoni wako wanne," alisema Hargis. "Ndiyo maana nimekuita wewe, sikuwaita wao."

*

Alimkuta Delphine kwenye beseni la kuoshea masinia, mikono imezama hadi viwiko. Wengine wawili walikuwa bwaloni wakigawa chakula cha mchana. Bi Ozella alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, ameshika magoti yake.

"Yule mtu wa feni alikuwa mkaguzi. Wanataka jina," alisema Croom.

"La nani?"

"La aliyeweka kopo."

"Kopo nimeweka mimi," alisema Delphine. "Naliweka mimi kila siku kwa sababu nafika wa kwanza. Unajua."

"Siwezi kuandika jina lako, Del."

"Basi andika la kwako." Alitoa mikono majini. "Ulilipita asubuhi. Ulisimama pale pale, ukala mkate wetu, ukaenda. Sema ulilipita. Watakupigia kelele, watakusimamisha siku kumi, utarudi."

"Hawatanirudisha hapa."

"Watakurudisha kwenye gari la doria. Ulikuwa huko zamani, ulinenepa vizuri tu."

Hakucheka. Aliwaza gari la doria, barabara kuu, madereva walevi, na vijana wa kituoni wakimwita yule aliyemwachia mkaguzi aingie akiwa na soseji. Aliwaza jinsi neno moja linavyoweza kumfuata mtu mpaka kaburini.

"Acheni," alisema Bi Ozella kutoka kwenye ndoo. "Niandike mimi."

"Mama, hapana," alisema Delphine.

"Mimi ndiye niliyempa chakula. Nitakataaje? Ushahidi si uko tumboni mwake." Alicheka peke yake, kicheko kifupi. "Kuna nini? Miaka kumi na tisa na miezi minane. Nimebakiza miezi minne nistaafu. Wataniandikia onyo. Ninayo maonyo mawili toka kwa yule mkuu aliyepita, nimeyatandika kabatini chini ya vikombe. Hili la tatu litatosha upande uliobaki."

Delphine alimgeukia mumewe. "Ni onyo tu?"

Chumba kilikuwa na moto wa majiko sita, na jasho lilimtiririka Croom chini ya fulana nzito ya kuzuia risasi. Alijua. Alijua pia kwamba Bi Ozella ana kisukari. Kwamba akistaafu kwa amani bima ya matibabu inamfuata nyumbani, na akifukuzwa inakatika siku hiyo hiyo.

"Sijui wataamua nini," alisema.

"Si nimekwambia ni onyo," alisema Bi Ozella, akijiinua kwa kushika ukingo wa beseni. "Nenda ukaandike, mwanangu. Herufi zangu ni O, Z, E. Watu huzikosea."

*

Bi Ozella alipewa barua ya kufukuzwa saa nane na nusu, na saa nane na nusu hiyo hiyo akatakiwa awe nje ya eneo la shule. Utaratibu ni kwamba aliyeachishwa kazi husindikizwa na polisi. Utaratibu pia ni kwamba mkoba wake hukaguliwa.

Walifanyia hapo kwenye korido, nje ya ofisi, wakati darasa la saba likipita kwenda maktaba. Watoto walipunguza mwendo walipomwona. Aliwahi kumpa kila mmoja wao sahani ya pili.

Bi Ozella alivua aproni, akaikunja mara nne. Akavua kile kikofia cha wavu, na nywele zake nyeupe zikabaki zimelala vibaya mbele ya watu. Croom alifungua mkoba. Ndani kulikuwa na ndara, miwani, sindano zake za kisukari kwenye mfuko wa nailoni, na mikate miwili imefungwa kwa karatasi.

"Chakula ni mali ya shule," alisema Hargis kutoka mlangoni. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayekumbusha tarehe.

Croom aliishika mikate ile. Ilikuwa bado ina uvuguvugu. Akaitoa, akaiweka juu ya kabati la vikombe vya ushindi.

Kwenye maegesho Bi Ozella alitafuta funguo za gari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ulijua," alisema.

"Bi Ozella..."

"Nimekulisha miaka sita. Nilikuwa nakuchagulia mkate ulioiva chini, kwa sababu unapenda ulioiva chini." Alifungua mlango wa gari. "Mimi sitamwambia Delphine kwamba ulijua. Si kwa ajili yako. Yeye bado anatakiwa kulala chumba kimoja na wewe."

Akaingia, akawasha gari, akaondoka taratibu, akisimama kwenye alama ya kusimama ingawa barabara ilikuwa tupu.

*

Lakini Delphine hakuhitaji kuambiwa. Jioni, jua likiwa bado juu ya ua wa jirani, alimwekea mumewe maharage na wali mezani, akaketi mbele yake bila sahani.

"Nimepita kwake. Barua inasema uamuzi wa kumfukuza mtu wa jikoni ulifanywa saa tano asubuhi. Wewe ulikuja jikoni saa sita."

Croom alishika kijiko.

"Nilikuuliza ni onyo tu. Mbele yake. Nilikuuliza."

"Ningekutaja wewe?"

"Nilikwambia utaje nani." Sauti yake haikupanda. "Sitaki ugomvi, Wendell. Nataka nijue tu kitu kimoja. Yule mtu angekuwa na bunduki, wa kwanza kukutana naye ni mimi na Ozella. Sisi wa jikoni ndio tuko nyuma ya huo mlango. Ulipokuwa unaandika umefungwa, umefungwa, miezi mitano, ulikuwa unamwandikia nani?"

Alimaliza kula kwa sababu hakujua la kufanya na chakula. Delphine aliosha sahani yake, akaifuta, akaiweka kabatini peke yake.

*

Jumatatu walikuta mnyororo.

Mlango wa kumi na nne ulikuwa wa mabawa mawili, na kila bawa lilikuwa na chuma cha kusukuma kwa ndani, ili watu watoke mbio kukiwa na hatari. Fundi wa shule alikuwa ameupitisha mnyororo kwenye vyuma vyote viwili, akaukaza, akatia kufuli. Upande wa ndani. Kitasa kipya chenye king'ora kingefika baada ya majuma mawili, au matatu. Feni haikutajwa.

Croom alimfuata Hargis koridoni. "Mkuu, pale kuna majiko sita na mafuta yanayochemka. Ukiwaka moto wanatokea wapi?"

"Bwaloni."

"Na moto ukiwa upande wa bwalo?"

"Ni majuma mawili, Wendell."

"Mkaguzi wa zimamoto akiona..."

"Mkaguzi wa zimamoto huja Januari," alisema Hargis. "Mkaguzi wa milango anaweza kurudi kesho." Akamtia ufunguo mdogo wa shaba kiganjani. "Huu usikae jikoni kwa hali yoyote. Umeona yanayotokea tukiwaachia wale. Ubaki kwako. Wewe ndiye ninayekuamini."

Siku hiyo orodha ya chakula ukutani ilionyesha pichi. Lile kopo lilikuwa limefunguliwa.

Jumanne, saa moja kasoro dakika nane, Croom alizunguka shule na ubao wake. Sasa alivuta kila mlango, mara mbili mbili. Alipofika wa kumi na nne alivuta, na ndani mnyororo ukalia.

"Nani?" aliuliza Delphine.

"Mimi."

Alisikia majiko yakinguruma. Harufu ya mkate ilitoka kidogo tu, kwa chini, pale ambapo mlango haukugusa sakafu. Palikuwa na upenyo wa unene wa kidole.

"Wendell."

"Naam."

"Humu ndani pameshakuwa moto. Yule waliyemleta badala ya Ozella ametapika." Sauti yake ilikuwa karibu, alikuwa ameegemea mlango. "Kufuli liko huku kwangu. Ufunguo uko huko kwako. Uliliona hilo?"

"Nimeliona."

"Mtu akiingia kwa mlango mkuu, anapiga risasi, wewe utakimbilia wapi?"

Alijua jibu. Alifundishwa, akarudia, aliwaahidi watoto: kimbilia mlio, usisubiri mtu. Mlio ungekuwa mbele. Jiko liko nyuma, na kati yake na mlio pana bwalo lenye watoto mia na arobaini kwa zamu.

"Del..."

"Usijibu. Pitisha ufunguo hapo chini. Nitauweka kwenye soksi, hakuna atakayeuona."

Akautoa mfukoni. Ulikuwa mwepesi, hauna uzito wa kitu chochote. Akapiga goti moja kwenye saruji, na akaviona, kwenye ule upenyo, vidole vya mkewe vinne, vyeupe kwa unga, vinangoja.

Kwenye fomu mpya kulikuwa na mstari uliopigiwa chini mara mbili: ufunguo wa mnyororo uko kwa. Na mbele yake nafasi ya kuandika jina, na ya saini.

"Ofisa Croom," ilisema redio begani mwake, tulivu. "Mabasi yamewahi. Nahitaji mtu mlango mkuu."

Alisimama. Goti lilikuwa na vumbi, akalipangusa.

"Nitarudi saa nne," aliuambia mlango. "Tutazungumza saa nne."

Vidole vilikaa pale kidogo, kisha vikaondoka, vikiacha alama nne za unga kwenye saruji.

Alipofika kwenye mapipa alisimama kama kawaida yake, akaegemeza ubao kifuani, akatoa kalamu ya bluu. Upande wa mbele watoto walikuwa wameanza kushuka, na mtu alikuwa anaita, Afande, Afande yuko wapi leo. Akaandika: mlango wa kumi na nne, umefungwa, 6:52. Safari hii alikuwa ameandika kweli.